Ndevu za Mzee Hamira

Kiwandani walimwita Mzee Hamira, na si kwa sababu alikuwa mwoka mikate, maana pale wote walikuwa waoka mikate. Walimwita hivyo kwa kuwa jambo lolote dogo likitiwa mikononi mwake huumuka. Mpe habari ya panya mmoja stoo, na kabla ya saa ya chai panya huyo amekuwa ukoo mzima wenye babu na wajukuu. Basi mashine yake ya kunyolea ilipovunjika, waliomjua walijua kwamba jambo hilo halitaisha kwa kwenda dukani na kurudi.

Mashine yenyewe ilikuwa ile ya chuma, ya kizamani, ya kufungua kichwa, kulaza wembe katikati, kisha kukaza kwa kuzungusha kishikio. Aliinunua angali kijana, hajaoa, ndevu zenyewe za kubahatisha. Ilimnyoa siku ya harusi yake na ikamnyoa siku aliyomzika mkewe, na katikati hapo ilimnyoa kila alfajiri kabla ya zamu, kwa sababu mbele ya tanuri mtu hatakiwi kuwa na nywele ila za kichwani, na hizo nazo ziwe ndani ya kofia. Asubuhi hiyo aliikaza kama kawaida, meno ya skrubu yakateleza, kichwa kikachomoka na kudondoka kwenye sinki, kikapasuka vipande viwili. Shavu moja lilikuwa limekwisha nyolewa, la pili bado lina povu. Akabaki anajitazama kwenye kioo, nusu bwana harusi, nusu mfungwa. Shavu lililobaki akalimalizia kwa wembe mtupu alioushika kwa vidole, akajikata, akaenda kazini na vipande vya karatasi vimemganda kidevuni.

Jumapili ikafika hajanunua nyingine, na jioni mwanawe akapiga simu.

Mtoto huyo ndiye wa pekee. Ni mpima ardhi, anaishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Hupiga kila Jumapili, hakosi, na hilo lazima asifiwe nalo. Lakini zamani, mama yake alipokuwa hai, simu ile ilikuwa ya mama. Baba akiipokea alisema salama, akaulizwa salama, kisha akampa mwenyewe, na mwenyewe akajifungia nayo jikoni mpaka chai ikapoa. Kila alichokijua Mzee Hamira juu ya mtoto wake kilimfikia kwa kupitia mlango wa jikoni: amepata kazi, ameachana na yule msichana, tumbo linamsumbua tena. Mama alipofariki, wanaume wawili wakaachiwa simu mikononi kama watu walioachiwa kichanga wasichojua kukibeba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mzima huko?"

"Mzima. Kazi?"

"Inaendelea."

"Haya."

"Haya, baba."

Siku hizi chai ilikuwa haipati hata nafasi ya kupoa. Mzee alikuwa akirudisha simu mezani na kukaa akiitazama, na kwa kweli moyo ulimuuma, ila hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili hiyo, walipofika kwenye "haya" ya kwanza, akaona ile ya pili inakuja, na kwa kuihofia tu akasema, "Mashine yangu ya kunyolea imevunjika."

"Ile ya chuma?" Sauti ya mwanawe ilichangamka ghafla. "Imevunjikaje? Kichwa au kishikio?"

"Kichwa."

"Kimepasuka, au meno yameisha?"

"Yote mawili."

"Usinunue kitu, baba. Tafadhali, usiingie duka lolote. Mashine za siku hizi ni utapeli mtupu. Niachie mimi nikutafutie."

Kijana huyu ni wa wale ambao hawawezi kununua hata birika bila kwanza kusoma maoni ya watu mia walionunua birika hilo kabla yao. Akikwama katika kuchagua, ndipo anapostarehe. Jumatatu akapiga. Jumanne akapiga. Ndevu zako ni ngumu au laini, baba? Za shingoni zinaota kuelekea chini au pembeni? Unapitisha mara moja au unarudia? Mzee Hamira hakuwahi kuulizwa maswali hayo na mtu yeyote, hata mkewe. Alisimama mbele ya kioo, simu imebanwa begani, akajipapasa koo na kutoa taarifa kama daktari: upande wa kulia zinashuka, wa kushoto zinazunguka. Picha zikaanza kuingia. Mashine ndefu, mashine fupi, za chuma, za plastiki, za umeme, na moja ya ajabu yenye shingo inayotikisika, ambayo mzee aliitazama na kusema imelewa.

Mwanawe akacheka. Mzee hakukumbuka ni lini aliwahi kumchekesha mtoto huyu tangu awe mtu mzima.

Na simu ikishakuwa ndefu, maneno hayakai njia moja. Kutoka kwenye mashine waliingia kwenye povu, kutoka kwenye povu wakaingia kwenye ngozi, na jioni moja kijana akasema, "Unajua mimi nilijifunza kunyoa kwa kukuchungulia? Mlango wa bafu ulikuwa na ufa. Nilikuwa naamka alfajiri kwa ajili hiyo tu."

"Mbona hukuniambia? Ningekufundisha."

"Ulikuwa na haraka ya zamu, baba."

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyekuwa anamlaumu, jambo lililofanya iwe nzito zaidi.

Siku hiyo ndipo alipoelewa amekalia nini. Mashine isipopatikana, simu itapigwa. Ikipatikana, watarudi kwenye "haya". Kusema uongo hakuweza, alilelewa vibaya kwa upande huo, lakini kuchelewesha aliweza sana. Akaanza kutafuta kasoro kwa bidii ambayo angeitia kwenye kazi angekuwa meneja. Hii kishikio chake chembamba, itaniteleza na povu. Hii nzito, nitachoka mkono. Hii ya umeme jirani watadhani nimenunua cherehani. Na ili mwanawe akimuuliza, "Sasa unanyolea nini?" asilazimike kubuni jibu, aliacha kunyoa kabisa. Ndevu zikaota, nyeupe pepepe, kila upande kwa mapenzi yake.

Kiwandani akawa kichekesho. Rafiki yake anayekanda unga, mtu waliyeajiriwa naye mwaka mmoja, alimpa jina jipya la Beberu, na kila akipita na beseni la unga alilia meee. Msimamizi wa zamu, binti mpole wa umri wa mwanawe, akamletea kifuniko cha wavu cha kuvaa kidevuni. Mzee akakivaa. Akasimama mbele ya tanuri, kofia juu, wavu chini, jasho katikati, akiingiza na kutoa trei kwa koleo lake refu la mbao, huku akiwashwa kila mahali.

"Kanunue mashine, bwana," rafiki yake akamwambia walipokaa kunywa chai juu ya magunia. "Mchagua jembe si mkulima."

"Mwanangu ananitafutia."

"Mwezi mzima? Anakutafutia mashine ya kunyolea au ya kusaga?"

"Mambo mazuri hayataki haraka."

Rafiki yake akamtazama kwa muda, utani ukamtoka usoni. "Una nini wewe? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sina kitu," akasema Mzee Hamira, akainuka kwenda kuangalia trei ambazo hazikuwa na haja ya kuangaliwa.

Halafu mkate ukarudi. Mteja aliuleta mwenyewe, umekatwa katikati, na ndani ya nyama ya mkate kuna unywele mfupi, mweupe, umejikunja. Hapakuwa na la kubishana: wengine wote mle ndani walikuwa vijana, na yule rafiki yake anayekanda unga alikuwa na upara wa kung'aa. Msimamizi alimwita pembeni, karibu na rafu za kupozea, ili wengine wasisikie, na wengine wakapunguza kasi ya mashine ya kukandia ili wasikie.

"Mzee wangu, mimi sikufokei," alisema, naye mwenyewe macho yameanza kulowa. "Wewe ndiye uliyenifundisha kushika koleo. Lakini wakubwa nitawaambia nini? Ama kesho uje umenyoa, ama nikuhamishie kwenye kufunga mikate, nje kule."

"Usinihamishe, binti yangu. Nitanyoa."

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Katika miaka yake yote hakuwahi kurudishiwa mkate. Alipotoka zamu akaenda moja kwa moja kwa kinyozi wa mtaani, akakaa kwenye kiti, akafumba macho.

"Pole, mzee," kinyozi akasema, akizishika zile ndevu kwa heshima. "Ulikuwa na msiba?"

"Hapana. Nilikuwa na simu."

Kinyozi akaona bora anyoe.

Jioni mwanawe akapiga, na kabla hajaanza, mzee akasema, "Nimechagua. Ile ya chuma, yenye kishikio kifupi."

"Ile ya siku ya kwanza kabisa?"

"Hiyohiyo."

"Una uhakika, baba? Maana leo nimeona nyingine, bado sijakuonyesha."

Mzee Hamira alitamani kuiona kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote cha dukani. Lakini aliuona pia ule mkate uliokatwa katikati, na uso wa yule binti. "Nina uhakika," akasema.

Mashine ikaja na basi, imefungwa vizuri ndani ya boksi. Akaipokea, akaosha uso kwa maji ya moto, akapaka povu, akanyoa akiitafutia kasoro kwa dhati. Hakuipata. Ilishikika vizuri, ilipita shingoni pale pa mzunguko bila kukwama, na iliacha shavu laini kama donge lililoumuka sawasawa. Ilinyoa vizuri mno, mashine yenye laana.

"Inanyoa?" mwanawe akauliza siku hiyo.

"Inanyoa."

"Haikukati?"

"Hainikati."

"Basi vizuri. Tumemaliza."

"Tumemaliza."

Jumatatu simu haikulia. Jumanne aliongeza sauti ya simu mpaka mwisho na kuiweka kwenye rafu ya bafuni, kama mtu anayedhani labda huko ndiko ilikozoea kulia. Haikulia. Jumapili ikalia: shikamoo, marahaba, mzima, kazi, haya, haya. Jumapili iliyofuata vilevile. Kijana hakuwa mbaya. Alikuwa tu mtoto wa baba yake, na yeye pia alihitaji kitu kivunjike ndipo aongee.

Siku moja ya katikati ya wiki mzee alirudi kutoka zamu, jua bado kali dirishani. Akavua viatu. Akapasha chai, akakaa kwenye kiti chake, mkabala na kile kingine ambacho siku hizi kazi yake ilikuwa kubeba nguo zinazosubiri pasi. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alijisikia akimeza. Alifikiri avunje mashine. Kwa kweli alikwenda bafuni, akaishika, akaipima mkononi juu ya sinki. Halafu akajionea haya, mtu mzima na mvi zake, akairudisha mahali pake, akachukua simu.

Hakuwa na mazoea ya kumpigia mwanawe. Aliamini mtoto ndiye humtafuta mzazi, na mzazi anayemkimbilia mtoto kwa simu anajishusha. Katika maisha yake yote alikuwa amempigia mara moja tu, na simu hiyo ndiyo iliyobeba habari ya kifo cha mama. Hilo hakulikumbuka mpaka ilipokuwa inaita na hakuna tena kurudi nyuma.

"Baba!" Ilipokelewa mara moja. Nyuma yake palikuwa na watu wanaongea na nyundo inagonga vigingi. "Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Baba, usinifiche. Nani amefariki?" Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa.

"Hakuna aliyefariki, mwanangu. Tulia. Na mashine haina tatizo." Akakaa kitini. "Nimekupigia tu. Nyumba imekuwa kimya mno, na mimi peke yangu siiwezi."

Nyundo ziliendelea kugonga. Mzee akaona amemtia mtoto aibu mbele ya wenzake kazini. Akafungua mdomo amuage.

"Usikate," mwanawe akasema. "Usikate, baba, subiri." Zikasikika hatua juu ya kokoto, kisha mlango wa gari ukafunguka na kufungwa, na zile nyundo zikawa mbali. "Haya. Nimekaa. Ongea."

Mzee Hamira akatafuta la kuongea, akatafuta tena, hakupata.

"Sina la kusema," akakiri.

"Hata mimi," akajibu mwanawe, na hakuna aliyekata simu.