Mlango wa Mzee Harold

Kuna siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na jana wewe na dada yako mlinikumbusha, mlipokaa sebuleni mkipanga kumpeleka baba yenu nyumba ya wazee. Eti mnanong'ona kwa Kiingereza! Baba yenu anasahau siku hizi, ndiyo, lakini hajawa kiziwi. Basi kaa hapa, zima hiyo simu, unisikilize.

Miaka ile ya elfu mbili mwanzoni ulikuwa bado mdogo, nami nilikuwa na nguvu zangu, nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Roseville, hapa hapa Minnesota. Mmoja wao aliitwa Harold. Ujanani alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya mabomu, katika vita kuu ya pili. Ndege yao ilitunguliwa Ujerumani, akaruka kwa mwavuli, akakamatwa, akafungwa kambini mpaka vita ilipokwisha. Haya alinisimulia kidogo kidogo nikimnyoa ndevu, maana hakuwa mtu wa kujisifu. Alisema kilichomweka hai kule si chakula, viazi vyenyewe vilikuwa vimeoza. Alikuwa akiuwaza mlango wa nyumba yao hapa mjini Saint Paul, akijiona anaufungua kwa mkono wake mwenyewe. Tangu arudi hakuwahi kulala chumba kilichofungwa. Hata mimi aliniomba kitu kimoja tu, nimwachie mlango wazi.

Baridi ilipoanza, siku moja akatoka na ndala kwenda kuitafuta nyumba yake. Polisi wakamkuta barabarani karibu na yale maduka makubwa. Binti yake, mtoto wake pekee, akaogopa, na simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa kilichofuata. Bila kumuuliza baba yake neno, akakubali ahamishiwe ghorofa ya juu, ambako mlango unafunguliwa kwa namba za siri, na namba wanazo wafanyakazi tu. Nilimwambia, "Baba yako alikuwa mfungwa. Zungumza naye kwanza." Akanijibu kwa ule upole wao wa Minnesota kwamba nisiwe na wasiwasi, atazoea. Atazoea! Mtu wa miaka themanini na ushee!

Na siku waliyochagua kumhamisha, jamani, ilikuwa sikukuu ya wanajeshi wa zamani. Watoto wa shule wakamwimbia, wakambandika kibendera kifuani, wakamshukuru kwa kupigania uhuru. Watu wakapiga makofi. Hata makofi hayajaisha vizuri, nikaambiwa nimsukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka ghorofa ile ya juu, binti yake akitufuata na maua. Mlango ukajifunga nyuma yetu. Mzee akageuka, akautazama, akaelewa.

"Ni kwa usalama wako, Baba," binti akasema.

"Wajerumani waliponifungia nilivumilia," mzee akamjibu, "kwa sababu nilijua nyumbani kuna watu wanaotaka nitoke. Sasa nimngoje nani?"

Binti akalia. Mzee hakumbembeleza. Tangu siku hiyo akawa anaonja chakula tu, kisha anageukia ukutani, na akafa kabla theluji haijayeyuka. Kibendera kilikuwa bado kwenye sweta yake, mimi ndiye niliyekitoa. Nina uchungu mpaka leo, na sioni kwa nini niufiche.

Sasa sikia, mwanangu. Sijasema baba yako asiende popote. Mgongo wangu nao umechoka kumwinua, naujua mwenyewe. Lakini kabla hamjasaini kitu chochote, kaa naye, mwambie ukweli kwa Kiswahili, muulize anataka nini. Akikataa, msikilize. Akilia, lia naye. Msimdanganye kwamba mnamtoa matembezi. Na kama kuna mlango utakaofungwa, ajue mapema, na ajue ni siku gani mtakuja kumtoa nje. Maana huko atakakokuwa, nyinyi ndio watu atakaowangoja.

Mungu akupe umri mrefu, afya na riziki. Na ukizeeka, akujalie mtoto atakayekuuliza kwanza. Haya, nenda chumbani kwake. Hajalala.