Héritière na kipande cha mwisho cha keki

Asubuhi, mtaani Newtown. Harufu ya mdalasini inatangulia kutoka jikoni, na Héritière anaifuata akiwa na sinia la skonzi za moto. Kabla ya kuliweka mezani anafumba macho kidogo, midomo ikicheza. Anamshukuru Mungu, kisha anaita: "Jamani, fika! Karibuni!"

Fika ndiyo saa ya kahawa ya Wasweden. Katika shirika lao hili dogo, asubuhi na alasiri kazi husimama, watu wakaketi pamoja kwa kahawa na kitu kitamu. Anayekunywa peke yake mbele ya kompyuta huonekana anawakimbia wenzake.

Héritière, mama wa watoto wawili kutoka Bukavu, ndiye mpishi wao. Kwa miaka mingi aliuza maandazi kando ya barabara kule mtaa wa Bertrams, mvua yake, vumbi lake. Walipomchukua kwa majaribio, alijua akishindwa atarudi palepale.

Wiki ya kwanza ilimtia hofu. Kila sinia lilirudi na kipande kimoja. Tena kilikuwa kimekatwa nusu, na nusu ya nusu, hadi kikabaki chembe.

"Kwetu chakula kikirudi, mpishi anajua ameshindwa," anasema. "Nikasema basi, hawapendi mkono wangu."

Mumewe Octave, mlinzi wa maduka katika mtaa wa La Rochelle, jiji hilohilo, alimtania: "Eish, mama watoto! Wakikataa, leta hapa. Mimi siko kwenye majaribio." Héritière hakucheka. Alifunga, akaomba.

Ijumaa keki ya ndizi ikabaki kipande kimoja. Akafanya kama afanyavyo mama wa Kikongo kwa mgeni wa heshima: akakichukua, akakiweka kwenye sahani ya mkurugenzi, Torbjörn.

"Kula, papa. Maliza."

Wote mezani wakamkodolea macho mkurugenzi. Torbjörn akawa mwekundu hadi masikioni. Héritière akarudi jikoni, akavua aproni.

Mhasibu, Gunilla, akamfuata. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Chakula changu hakiwaingii."

Gunilla alicheka hadi akashika mlango. "Kwetu hakuna anayethubutu kuchukua kipande cha mwisho. Utaonekana mlafi! Kila mtu anakata nusu, anamwachia mwenzake. Keki ingekuwa mbaya, vingebaki vipande sita."

"Na bosi je? Si nimemwaibisha?"

"Mwangalie mwenyewe."

Héritière akachungulia. Torbjörn alikuwa akiokota makombo kwa kidole, sahani nyeupe kabisa. "Msinitazame hivyo," aliwaambia wenzake. "Mimi nimeamriwa."

Majaribio yalipokwisha, Héritière alipewa kazi ya kudumu. "Mungu alinijibu," anasema, "ila alinicheka kwanza."

Sasa anatafuta chumba cha kupanga Bertrams, chenye mlango wa barabarani, afungue mahali pa kahawa siku za Jumamosi. Anataka kupeleka huko zaidi ya skonzi.

"Pale ofisini mkurugenzi anaketi ubavuni mwa anayefagia, wanaitana kwa majina. Mimi nilikuwa nikinywa nimesimama jikoni, wakanivutia kiti. Nataka msusi na daktari wakae hivyo kwangu, mlinzi na mwenye duka, Mkongo na Mzulu."

Anaweka mkono kifuani.

"Na kabla mtu hajagusa kikombe, tutaomba. Hiyo ni ya kwetu."