Kompyuta Iliyotii Amri Yangu

Amri ilikuwa yangu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Mwaka mzima niliwapigia kelele watu wa nyumba hii, hapa Santiago del Estero, kwamba wanaiacha kompyuta ikiwaka kama taa ya kanisani wakati hakuna anayeitumia. Mkwe wangu Mirta akachoka. Jumamosi moja akaitengeneza: ikikaa dakika ishirini bila kuguswa, inafunga kila kitu na kujizima.

"Umefurahi sasa, baba?"

"Nitafurahi ikianza kupiga deki."

Kwa kweli nilifurahi. Siku mbili nilitembea humu ndani kama gavana.

Juma lililofuata Rosendo Achával akafariki. Tulifanya kazi pamoja miaka thelathini na moja katika kiwanda cha chapa cha gazeti, mimi mashine hii, yeye ile, madini ya risasi ya kuundia herufi yakichemka kati yetu katika joto ambalo vijana wa leo wangelikimbia hata kwenye picha. Mjane wake, doña Delfina, aliniomba niseme maneno ya kumuaga marehemu makaburini saa kumi na moja jioni.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Nilifika darasa la nne. Mengine niliyaokota katika maneno ya watu niliokuwa nikiwapangia kurasa. Sifa niliipokea yote.

Asubuhi ya maziko niliandika kurasa tatu. Zilikuwa nzuri, zilikuwa na Warumi wa kale ndani yake. Saa saba nikala, nikaenda kulala, maana mji huu mchana hata mbwa hawabweki. Kurasa niliziacha kwenye kioo cha kompyuta. Chapani tulifanya hivyo: mistari ya risasi uliyoipanga unaiacha mezani, unakwenda kulala, ukirudi unaikuta, mpaka mtu aiyeyushe kwa mkono wake. Risasi haikuhitaji kuambiwa ikumbuke.

Saa kumi niliamka, kioo kilikuwa cheusi.

"Ulihifadhi?" Mirta aliuliza.

"Nihifadhi nini? Niliandika."

Alikaa, akatafuta, akaacha kutafuta.

"Hakuna kitu, baba. Imefanya ulivyotaka."

"Na Warumi?"

"Wamezimwa nao. Vaa koti, tutachelewa."

Makaburini watu kama arobaini walinitazama. Nikafungua mdomo, sikupata hata Mrumi mmoja. Kilichokuja ni habari ya fahali. Mwaka mmoja, wakati wa maonyesho ya mifugo, niliweka jina la askofu chini ya picha ya fahali aliyeshinda, na gazeti likatoka hivyo. Mkuu wa chapa alipouliza ni nani, Rosendo alisema ni yeye. Akasimamishwa kazi wiki mbili. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikipangusa mikono ambayo ilikuwa safi tayari.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Katika kurasa tatu hayakuwamo. Katika kurasa zile mimi nilikuwa mtu bora karibu kumpita marehemu, na maziko yalikuwa yake.

Watu walipoanza kutawanyika, doña Delfina alinishika mkono.

"Nilikuwa najua," alisema. "Kila ukija kula empanada, ukiondoka Rosendo alikuwa anacheka mpaka anakohoa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema utakuja kusema mwenyewe, tungoje. Mimi nilimwambia huyo hasemi." Akarekebisha kitambaa chake cheusi. "Umechukua muda, don Eleuterio."