Mashine Niliyoichagulia Klabu

Kwenye ukuta wa klabu yetu ya shabaha, hapa Crane Creek, Kentucky, pembeni mwa jiko la kuni, zimepigiliwa mashine zilizokufa kwa risasi. Ni mashine za kupima kasi ya risasi. Sisi tunaziita vipimakasi. Mtu huweka cha kwake mbele ya bunduki ili risasi ipite juu yake, anakosea kidogo tu, anakitandika chenyewe. Basi kinakwenda ukutani, na chini yake jina la mhusika linaandikwa kwa rangi nyekundu. Ndio utani wetu. Wanaume huchekana kwa majina hayo miaka na miaka. Mimi sikuwahi kucheka, kwa sababu chini ya mashine moja palikuwa na jina langu, Verlene, na mashine ile sikuipiga mimi.

Aliyeipiga ni Royce Tackett, aliyekuwa mume wangu. Tulikuwa wawili tu uwanjani siku ile, kabla ya mashindano ya vuli, na mashine ilikuwa ya klabu. Mimi nilikuwa garini natafuta vizibo vya masikio. Niliposikia plastiki inapasuka niligeuka, nikamwona ameshika kichwa. Jioni yake aliwaambia wenzake kwamba ni mke wake, maskini, mikono ilimtetemeka. Nilikana siku hiyo, nikakana wiki iliyofuata, nikakana mwaka uliofuata. Walinipigapiga begani wakisema hata wanaume wazima imewakuta, nisione haya.

Shule sikuimaliza. Mama alipozidiwa na mapafu nilibaki nyumbani kumuuguza, na baba akirudi kutoka mgodini alinikalisha naye kwenye meza ya jikoni, tukajaza risasi. Ganda lililokwisha kupigwa unalisafisha, unalirudisha umbo lake, unalitia kiwashio kipya, unapima baruti, unakandamizia kichwa cha risasi juu. Baba hakuruhusu mtu kuzungumza baruti ikimiminwa. Kisha alinipeleka uwanjani nizijaribu. Nilikuwa msichana mdogo, na kulungu wote tuliokula majira ya baridi waliangushwa kwa risasi zilizopita mikononi mwangu.

Nilipoolewa na Royce, kazi ikawa hiyohiyo. Yeye alishindana, mimi nilijaza na kuzijaribu risasi uwanjani. Alichukua kikombe cha mashindano ya bonde letu mara kadhaa, na kwenye chakula cha jioni cha klabu alisimama akaeleza jinsi alivyohangaika mpaka akapata kipimo sahihi cha baruti. Mimi nilikuwa nakata mkate wa mahindi. Kisha akaondoka na Charlene wa duka la chakula cha mifugo, akabeba na mashine ya baba ya kujazia risasi. Hakimu wa talaka aliniuliza kama mimi hushindana. Nikasema hapana. Akasema basi, vifaa vya mashindano ni vya mshindani.

Nilipata mashine nyingine kuukuu kwenye mnada wa shamba, nikaanza upya. Nilianza na kushindana. Sikuchukua kikombe, lakini taratibu wanaume wakaanza kuja kwenye meza yangu uwanjani, wakijifanya wanapita tu, kuniuliza kwa nini risasi zao zinatawanyika.

Mwaka huu kipimakasi cha klabu kiliingia maji kikafa kifo cha kawaida. Majira yote ya baridi wanachama walibishana kinunuliwe cha aina gani. Orville Skaggs, mwenyekiti, mzee asiyependa makelele, akachoka. Alikuja nyumbani kwangu akasema nichague mimi, kwa kuwa hakuna mtu anayejua kupima kuliko mimi. Nikamwambia nitachagua jina langu likitoka ukutani. Akajikuna shingo. Alisema jina huwekwa kwa kura na hutolewa kwa kura, na Royce alisimama akashuhudia, kwa hiyo ingebidi nilete kitu.

"Nilete nini, mzee? Miaka yote hii nimeleta mdomo wangu."

Mwisho tulikubaliana kwamba nitajaribu mashine Jumamosi mbele ya watu, na baada ya hapo jambo langu litapigiwa kura. Nilijua nitashindwa. Lakini sikuwa tayari kuona klabu inanunua takataka.

Jumamosi hiyo tulikuwa na mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Orville mwenyewe, ya mtindo wa zamani, yenye macho mawili yanayotazama angani. Inasimamishwa kwa miguu mitatu mbele ya bunduki, na risasi ikipita juu yake inaona kivuli chake. Marehemu mkewe ndiye aliyemnunulia, na aliibeba kama mtoto mchanga. Ya pili hufungwa kwa mkanda kwenye mtutu wenyewe. Ya tatu ilikuwa kiboksi kidogo kinachokaa mezani kando ya bunduki, kinaifuata risasi kwa rada, tulichoazima kwa binamu yake Orville.

Ukitaka kujua mashine ipi inasema kweli, unahitaji kwanza risasi zinazofanana. Hakuna aliyeuliza zitumike za nani. Burl Napier, mnene wetu, mwenye ulimi kuliko wote, alisogeza kiti akasema, "Haya dada, tuonyeshe upishi wako."

Nikapiga. Mashine ya Orville ilisoma vizuri mpaka wingu lilipokuja, ikaanza kutoa namba za ajabu. Ile ya mkandani ilisoma vizuri sana, lakini uzito wake ulishusha risasi zangu kwenye shabaha kwa upana wa kiganja. Kiboksi kilisoma wingu likiwepo, jua likiwepo, na kasi za risasi zangu zilipishana kidogo mno hata Burl akaondoa kofia. Alisema mkewe hawezi kukata hata biskuti mbili zikafanana hivyo. Nilijisikia mrefu.

Ndipo Royce akaja. Alikuwa amesimama nyuma na Charlene, akisikia. Alisema mashine zinanipendelea, na kwamba kipimo kile cha baruti nimekitoa kwake. Akaweka bunduki yake kwenye mifuko ya mchanga, nyuma ya mashine ya Orville, akalala juu yake.

Nilikuwa nimesimama upande wake, na kutoka pale niliona mtutu ulipoelekea. Kwa nini niseme uongo? Nilifurahi. Risasi moja tu, na bonde zima lingemwona. Kisha nikamwona Orville ameweka mikono mifukoni, anaitazama mashine ya mkewe.

"Royce," nikasema, "toa komeo uchungulie mtutu kwanza."

"Mwangalieni huyu," akawaambia wengine bila kuinua kichwa. "Tumeachana, na bado ananiambia pa kukanyaga."

"Chungulia."

"Shabaha naiona vizuri, mama. Niko juu ya mashine kabisa."

"Unaiona kwa darubini. Risasi haitoki kwenye darubini."

Wachache walicheka. Orville hakucheka. Alisema, "Simamisha," na uwanjani kwetu neno hilo likitoka kila mtu anaondoa mikono kwenye bunduki. Royce aliondoa yake. Orville akavuta komeo, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, akaliweka mezani, akainama nyuma ya bunduki akachungulia ndani ya mtutu kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kisha akamwita Burl.

Burl alijikunja kwa taabu. "Aisee," akasema. "Shabaha siioni. Naona plastiki."

Walipanga foleni, mmoja baada ya mwingine, kuiangalia ile plastiki. Darubini hukaa juu ya mtutu. Jicho linapita juu ya mashine, risasi inakwenda chini yake. Kila mtu pale anajua hilo, na wengi wao majina yao yako ukutani.

"Hukuchungulia?" Orville akamuuliza Royce.

"Nimepiga bunduki tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kuchungulia mtutu maishani mwangu, na sitaanza leo kwa sababu ya mwanamke."

Orville akageuka. "Na Verlene je?"

"Huyu?" Burl akasema. "Huyu huchungulia mpaka tunazeeka tukimsubiri. Si tumemlalamikia miaka yote? Tangu enzi za baba yake, anatoa komeo, anachungulia, anarudisha, anachungulia tena…"

Nikaona uso wake unabadilika, kisha wa jirani yake. Walikuwa na ushahidi wangu midomoni mwao muda wote, wakautumia kunilalamikia.

Royce alikuwa ameshaanza kuifungasha bunduki yake. Alisema, kwa sauti ya chini, "Yalishapita hayo, Verlene. Ule ni ukuta wa utani tu."

"Kama ni utani, lichukue. Ni lako."

"Andikeni mnachotaka," akasema, akaenda garini. Charlene alimfuata.

Hakuomba radhi, na mashine ya baba bado iko bandani kwake. Lakini ndani, kando ya jiko, Orville aliuliza nani anakubali jina la Verlene litoke, na sikuona mkono uliobaki chini. Burl akauliza kama nafasi ibaki tupu. Nilisema isibaki tupu. Akaleta rangi nyekundu, akapanda kwenye kiti kilichomlalamikia, akaandika Royce Tackett, majina yote mawili, kwa herufi kubwa kuliko za mtu mwingine yeyote.

Kisha Orville akagonga meza, akasema kazi tuliyoijia haijaisha. Aliniuliza klabu inunue ipi.

Nilisimama. Nilianza na ile ya mkandani, nikaeleza ubaya wake, kisha ya Orville, nikaisifu inavyostahili, kisha kiboksi, ambacho ndicho nilichokichagua, na kwa nini mtu wa meza ya jirani asipige wakati mwenzake anapima, la sivyo kitasoma risasi ya mwingine. Nilieleza polepole, wala sikuruka kitu. Hakuna aliyenikatiza.