Vioo vya Dirishani

Ukikosea kazini na hakuna aliyekuona, utajitaja?

Fundi maabara wa zahanati yetu, watu walimwita Dirisha. Kwa miaka ishirini na sita alianika vioo vya makohozi kwenye ukingo wa dirisha, vikakauka juani huku yeye akinywa chai, kisha akaviweka chini ya hadubini kusaka vijidudu vya kifua kikuu. Jua lilikuwa mwenzake wa kazi.

Ikaja hadubini mpya yenye taa ya buluu. Kwa hii, makohozi hupakwa rangi inayong'aa; kijidudu kikiwepo, huonekana kama uzi mfupi wa manjano gizani. Dirisha aliipenda papo hapo. Ila mkono ulibaki na mazoea yake: kioo kikishapakwa rangi, dirishani.

Wiki ya pili, muuguzi wa chumba cha kifua aliingia bila hodi.

"Dirisha, fundi cherehani karudi. Mara mbili umeandika hana kitu, naye anakohoa mpaka kuta zinaitikia. Nyumbani ana mtoto wa miezi minne!"

"Dada, mimi naandika ninachokiona."

"Basi hayo macho ni pambo."

"Lete makohozi mengine, na huo mdomo uupumzishe."

Dirisha alicheka, lakini maneno yalimkaa rohoni. Akachukua kioo cha mfano, chenye vijidudu vya hakika, kile alichokiona asubuhi kimejaa nyuzi za manjano kabla ya kukiacha dirishani pamoja na vingine. Akachungulia. Giza tupu. Akatoa cha mfano cha pili kutoka kwenye kisanduku kilichofungwa, kisichopata jua. Kikawaka chote. Akaketi. Kumbe jua lilikuwa linakula rangi!

Angeweza kunyamaza. Angempima fundi upya, akahamishia vioo kabatini, na mambo yakaisha kimya kimya. Lakini daftari lilikuwa na watu kumi na mmoja walioambiwa wako salama, na kila mmoja ana nyumba ya kurudi. Akalibeba hadi kwa mganga mkuu.

"Mkuu, hawa wote waitwe. Nimewasomea vioo vilivyopauka. Kosa ni langu."

"Kwani hukufundishwa?"

"Nilifundishwa. Mkono ndio haukusikia."

Mchana huohuo kioo kipya cha fundi cherehani, kilichokaushiwa kabatini, kilijaa manjano.

Kesho yake asubuhi, Dirisha alimwona fundi huyo uani, barakoa usoni, akimeza vidonge vyake vya kwanza mbele ya muuguzi, huku mkewe na mtoto wakingoja zamu ya kupimwa. Alipomaliza, fundi akalisogelea dirisha la maabara kwa nje, akavua futi shingoni na kuanza kulipima, urefu kisha upana.

"Dada kanisimulia yote, mzee," alisema. "Pazia tuweke jeusi, au jeusi tii?"