Jora Moja la Maua Mekundu

Hebu mwone mshonaji wa Koboko akishuka kwenye lori mjini Arua Jumamosi asubuhi, wajukuu nyuma yake. Gurbaba yake, lile vazi refu la akina mama wa Kinubi, na nguo za watoto wote zimekatwa kwenye jora moja la maua mekundu. Hushona hivyo kila safari ili mtoto asimpotee. Hutembea kifua mbele, kidole chenye alama za sindano kikionyesha: "Ile iko posta. Ile iko ghorofa." Safari moja aliwapeleka uwanja wa ndege; ndege ilipotua, watoto walitawanyika kwa shangwe, na Madinah, mdogo wao, hakurudi. Bibi alipanda juu ya kreti, akatandaza mikono ili maua yaonekane kwa mbali. Punde muuza karanga akaja na mtoto.

"Mama, hii kipande ya gauni yako ilibaki kwangu!"

"Leta, dada, nishone tena."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini mkono wa Madinah hakuuachia hadi Koboko. Jioni hiyo Madinah alikuwa uani akiwasimulia wenzake jinsi ndege ilivyopeperusha kofia za wakubwa, na bibi akisikiliza, shingo juu. Wewe ungekuwa jirani yake, ungethubutu kumwambia awaache watoto nyumbani?