Ndala Kwenye Mdomo wa Duara

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kushika diploma. Nimeitundika ofisini kwangu mtaa wa Kambarage, juu ya mashine ya fotokopi, mahali ambapo mteja hawezi kutoka bila kuiona. Ni diploma ya uandishi wa habari. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili; nilijisomesha kwa kupiga picha za harusi na za kipaimara, kisha nikaajiriwa na kituo kimoja cha televisheni Dar es Salaam, nikafanya kazi huko kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani na kufungua studio yangu mwenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu yaliyotokea Tinde, nyumbani kwa mama yangu mkubwa, yanahusu kazi niliyoisomea, na sipendi mtu adhani naongea kama mtazamaji tu.

Tulipoanza kazi, mhariri wetu alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kwaya. Ukimpelekea habari, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulikuwepo?" Kama hukuwepo, alikuonyesha mlango. Siku moja nilimletea habari ya barabara iliyofunikwa na mafuriko, nikaandika kwamba maji yalifika magotini. Akauliza, "Magoti ya nani?" Nikarudi kule, nikaingia majini na suruali yangu ya kazini, nikapima kwa mguu wangu. Yalinifika mapajani. Habari ikarekebishwa, ikaenda hewani, na mimi nikavaa suruali yenye matope siku nzima bila kuona haya.

Siku hizi taarifa ya habari imekuwa kitu kingine. Mtangazaji amependeza, amesimama mbele ya kioo kikubwa kinachowaka rangi zote, anakusomea ujumbe ambao wewe mwenyewe umeshauona asubuhi kwenye simu. Kila sentensi ina "inadaiwa" au "kwa mujibu wa taarifa zinazosambaa mitandaoni". Baada ya hapo unaonyeshwa kiongozi akikata utepe, halafu kiongozi mwingine akikata utepe. Waandishi wa kutumwa mikoani, watu wa aina yangu, waliondolewa mmoja mmoja. Mimi niliondoka kabla ya kuondolewa, na hilo nataka lieleweke.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa ofisini nakula chakula cha mchana huku nikitazama habari. Binti mmoja akasoma kwamba duara limeporomoka katika machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Runzewe, na kwamba wachimbaji kadhaa wanahofiwa kufukiwa. Duara, kwa wasiojua, ni shimo wanalolichimba kufuata dhahabu. Alipokuwa akisoma, kwenye kioo alitokea kijana mwenye shati la njano na tochi kwenye paji la uso, anapanda kutoka shimoni kwa kamba.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa fahari. Picha ilikuwa imetulia, mwanga umekaa vizuri, na pembeni chini palikuwa na kivuli cha mtu mwenye kofia. Kivuli kile ni changu. Niliipiga picha ile mimi, zamani, nilipotumwa Geita, na kijana yule ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenipeleka machimboni. Hata shati lile la njano nilimletea mimi kutoka Dar. Kituo changu cha zamani kilikuwa kimeitoa maktaba na kuibandika juu ya habari ya siku ile bila kuandika popote kwamba ni picha ya zamani.

Sikumaliza kula. Simu iliita, alikuwa baba mdogo, ndugu wa marehemu mume wa mama mkubwa. Akasema, "Umeona? Mdogo wako ameonyeshwa. Njoo Tinde, tunaanza msiba."

Niliwasha gari langu, ambalo sikulinunua kwa mkopo, nikaenda. Njia nzima nilimpigia simu mdogo wangu. Haikupatikana.

Nilipofika, majirani walikuwa wameanza kujaa uani. Wanawake wamekuja na unga, wanaume wamebeba viti. Baba mdogo alikuwa ameshaleta magogo ya moto wa msiba, ule unaowashwa uani na kutozimwa mpaka matanga yaanuliwe. Katika ukoo ule moto ukishawaka hakuna mjadala tena: mtu amekufa. Lakini moto haukuwa umewashwa, kwa sababu mama mkubwa alikuwa amekalia magogo. Alikuwa amenyoosha miguu, khanga imefungwa kiunoni, halii.

"Shikamoo, mayu," nikamwambia; kwetu mayu ni mama.

"Marahaba."

Baba mdogo akanivuta mkono. "Mwandishi, afadhali umekuja. Mwambie mama yako ashuke. Tunamheshimu, lakini hawezi kukalia kuni mpaka kesho."

"Baba, ile picha ni ya zamani. Nimeipiga mimi."

"Tunajua unapiga picha. Kila harusi unatuambia."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Nikawaeleza juu ya shati na juu ya kivuli. Nikawaonyesha kwenye simu yangu kipande kile kile cha picha, kwa sababu kazi zangu zote nimezihifadhi. Baba mdogo aliitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Picha ni ya zamani. Na maneno je? Yule binti aliyesoma, maneno yake nayo ni ya zamani? Duara si la kule kule anakochimba?"

 Nikampigia mhariri wa kituo kile, mtu tuliyeanza naye kazi siku moja, nikaweka sauti ya simu juu ili wote wasikie. Hilo lilikuwa kosa.

"Habari ya Runzewe mmeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye grupu, kaka. Kuna picha ya ndala zimepangwa kwenye mdomo wa duara. Jamaa wa kule wanasema wenye ndala wako chini."

"Na mwandishi wenu aliyeko pale anasemaje?"

"Pale hakuna mtu. Siku hizi hatuna mtu popote."

 Baba mdogo akakohoa. "Kwa hiyo ndala zipo," akasema.

Ndipo mama mkubwa alipozungumza. "Mwandishi, una gari. Nenda kamlete."

"Nikimpata nitampiga picha, mayu, nikutumie hapo hapo umwone."

"Usinitumie picha. Picha nimeshaona. Mlete mwenyewe, akiwa mzima au akiwa hivyo alivyo. Mimi nipo hapa."

Nikaondoka. Nilipita Kahama, mvua ikanikuta njiani, nikalala Ushirombo kwa sababu barabara ya kuingia machimboni haiendeki gizani. Asubuhi niliacha gari Runzewe nikapanda bodaboda, matope mpaka kwenye ekseli. Kwenye banda la kwanza la mama lishe nikataja jina la mdogo wangu na kusema ninatoka kwao.

Mama lishe akaendelea kumimina chai. "Unamtafuta marehemu?"

Nikaketi kwenye benchi lake.

"Marehemu yuko kwenye karasha," akasema. "Jana jioni kaketi hapo hapo ulipo, kala sahani mbili. Wenzake ndio wamempa hilo jina."

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilimkuta pale, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, anawapigia kelele vijana waliokuwa wakimimina mawe. Aliponiona akafuta macho.

"Kaka. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukuchukua. Kwa nini simu yako haipatikani?"

"Imo ndani ya duara. Nimeshaiaga."

Nikamwomba anieleze kila kitu toka mwanzo, na nikauliza kama nilivyofundishwa. Katika duara lao kuna utaratibu: anayeshuka huvua ndala na kuziacha kwenye mdomo wa duara, ili walio juu wajue nani yuko chini. Hakuna anayezigusa mpaka mwenyewe apande. Siku ile walikuwa wanajiandaa kushuka, ndala wamekwisha kuvua na vitu vyao wamevitanguliza chini kwenye ndoo, simu yake ikiwa humo. Hapo lori la mawe likakwama kwenye tope nyuma ya vichaka, wakaitwa kusukuma. Walikwenda peku wote. Wakiwa huko, ukuta wa chini wa duara ukaanguka. Mtu wa duara la jirani akaja mbio, akakuta vumbi linatoka na ndala zimepangwa. Alifanya ambacho mchimbaji yeyote wa pale angefanya: akazisoma ndala. Akapiga picha, akaituma. Wenye ndala waliporudi wamejaa matope, habari ilikuwa imeshafika Dar na kurudi.

Mwandishi aliyesimama pale kwa muda wa kunywa chai tu angewaona wakirudi.

"Twende," nikamwambia. "Mama amekalia kuni za msiba wako."

"Kaka, foleni yangu ya karasha ni leo. Nikiondoka, mawe yangu yatageuka kokoto za kujengea choo. Nipige video nimsalimie, umpelekee."

Mimi ninayeishi kwa kamera nikalazimika kusema hapana. "Amekataa picha. Amesema mpaka akuone wewe."

Akatazama mifuko yake ya mawe. Mwenzake mmoja mwenye meno yaliyojaa vumbi akamsukuma begani. "Nenda bwana. Umeona wapi marehemu anapanga foleni?" Mwingine akadakia, "Tutakulindia. Tukiiba, si utatutokea usiku?" Wakacheka, naye akacheka bila kupenda, akajifuta mikono. Nikamuuliza viatu viko wapi. Akajibu kwamba mwenyekiti wa machimbo alizichukua ndala zote, akasema ni ushahidi. Tukaondoka hivyo hivyo.

Tulipofika Kahama nikampigia mhariri nikampa habari kwa mpangilio unaotakiwa: nani, wapi, lini, imekuwaje. Alinisikiliza, kisha akasema, "Safi sana. Sasa fanya hivi. Kijana asishuke kwenye gari mpaka uwe umeweka kamera tayari. Tunataka uso wa mama akimwona. Akilia, picha umeikamata."

Nikamwambia habari nimeshampa. Akasema habari bila ule uso haina uzito. Nikakata simu. Nina kamera nzuri kuliko walizonazo wao, na siku ile ilibaki kwenye buti la gari.

Pale Tinde mama mkubwa alikuwa juu ya magogo yale yale. Waliniambia hakushuka ila kujisaidia, na hata hapo alimkalisha dada wa jirani mahali pake. Mdogo wangu alishuka garini akatembea kati ya watu, vumbi limeganda usoni, peku. Wanawake wakaacha walichokuwa wakifanya. Mama mkubwa hakumtazama usoni kwanza. Aliinama, akamshika kifundo cha mguu, akakibana, akakiachia, akakibana tena.

"Viatu viko wapi?"

"Viko kwa mwenyekiti, mayu."

"Nenda kaoge. Unanuka dizeli."

Kisha akainuka, akajishika kiuno kwa sababu kilikuwa kimekakamaa, akamwambia baba mdogo, "Shemeji, kuni hizi zipeleke jikoni. Watu hawa wamekaa na njaa tangu jana." Baba mdogo akaziinua gogo moja moja. Nikamsaidia, ingawa shati langu lilikuwa jeupe.

Tulikuwa tumekaa uani tunanawa mikono wakati taarifa ya habari ya jioni ilipoanza sebuleni, kwenye televisheni ambayo, niseme tu, ni mimi niliyemnunulia mama mkubwa. Nilimsikia yule binti akisema kwamba wachimbaji wa Runzewe waliohofiwa kufukiwa wote wako salama. Hakusema nani aliyekwenda kuwaona. Baba mdogo alichungulia dirishani.

"Njooni mwone," akasema. "Wamemwonyesha tena. Shati la njano lile lile."

Watu wakainuka kwenda kutazama. Mama mkubwa hakugeuka. Alikuwa anamkatia mwanawe ugali.